Kila mwenye simu ni mjumbe

Somo la kusoma na kujadili pamoja katika familia, kambini na katika kamati za amani

Katika somo hili tutazungumza juu ya kitu kidogo ambacho wengi wetu tunalala nacho karibu na kichwa, yaani simu. Hatutasema kwamba simu ni mbaya, wala hatutasema kwamba ni nzuri tu. Tutaangalia jinsi ilivyobadili namna ya kupashana habari katika nchi yetu, na jinsi ilivyompa kila mmoja wetu kazi ambayo hakuiomba: kazi ya kuwa mjumbe.

Tunatumaini kwamba baada ya somo hili kila msomaji ataweza:
- kueleza tofauti kati ya habari yenye mwenyewe na habari isiyo na mwenyewe;
- kujiuliza maswali matano kabla ya kurusha ujumbe;
- kutaja angalau jambo moja ambalo familia yake au kamati yake inaweza kuanza kufanya wiki hii.

Zamani habari ilikuwa na mwenyewe

Wazee wetu hawakukosa njia za kupeleka habari mbali. Walokele, wanaoishi kando ya mto Kongo karibu na Kisangani, walijulikana kwa ngoma yao ya gogo, lililochongwa ndani na kuachwa tundu refu juu. Gogo hilo lilitoa sauti mbili, ya juu na ya chini, na kwa sauti hizo mpigaji aliiga namna maneno ya lugha yao yanavyopanda na kushuka. Lakini maneno mengi yana mpando mmoja. Basi mpigaji alifanya nini ili watu wasikosee? Alirefusha. Hakupiga neno “mwezi” peke yake, bali alipiga sentensi nzima inayoeleza mwezi, hata msikilizaji akawa na hakika. Mtu yule alitumia nguvu na muda ili habari isipotoshwe. Nasi leo tunafupisha kila kitu, kisha tunashangaa kwamba hatuelewani.

Pamoja na ngoma kulikuwa na mjumbe. Shefu alimtuma mtu anayejulikana, wa ukoo unaojulikana, na mara nyingi alimpa kitu cha kuonyesha kwamba ametumwa kweli. Akifika, alikaribishwa, alikalishwa, alipewa maji, ndipo akasema. Waliomsikia waliweza kumuuliza: “Ni nani amekutuma? Uliona kwa macho yako au uliambiwa?” Na kwa sababu alikuwa mtu wa kuaminika, wazee walisema kwamba mjumbe hauawi. Lakini mjumbe naye alikuwa na wajibu wake. Akileta uongo, jina lake na jina la ukoo wake liliharibika.

Fonii, tangazo na kabini

Wengi wenu mnakumbuka miaka ya 1980 na 1990. Simu za posta zilikuwa zimekufa karibu kila mahali. Mtu wa Shabunda au wa Walikale aliyetaka kuongea na ndugu yake wa Bukavu au Goma alienda kwenye fonii, ile redio ya kuongelea iliyokuwa parokiani, kwenye misheni au kwa mfanyabiashara. Alingoja saa iliyopangwa. Aliongea mbele ya mwenye mashine, na wengine wenye fonii waliweza kusikia. Hapakuwa na siri, lakini hapakuwa na uongo mwingi pia, kwa kuwa masikio yalikuwa mengi na jina la msemaji lilijulikana.

Kisha kulikuwa na tangazo la redio: kilio, mtoto aliyepotea, mkutano wa ukoo. Ulilipa, uliandika jina lako, na mtangazaji alisoma. Wakati wa vita ya 1998 hadi 2003, nchi ilipokatwa vipande, watu wa upande mmoja hawakujua kama wa upande mwingine wako hai. Ndiyo sababu wengi walifurahi Radio Okapi ilipoanza tarehe 25 Februari 2002, siku ileile Mazungumzo ya Wakongomani yalipofunguliwa Sun City, Afrika Kusini. Ilianza kutangaza kwa Kifaransa na kwa lugha zetu nne, yaani Kiswahili, Lingala, Kikongo na Chiluba. Watu wa pande zote za mstari wa vita waliweza kusikia sauti moja.

Miaka hiyo ndiyo simu za mkononi zilianza kuenea. Celtel (ambayo baadaye iliitwa Zain na sasa ni Airtel) na Vodacom zilisimamisha minara yao mijini. Mwanzoni wachache ndio walikuwa na simu. Wengine tulienda kwenye kabini, ile meza yenye mwavuli kando ya barabara, tukalipa dakika moja, tukasema haraka: “Tumefika, mama ameshapona, tuma barua kwa gari ya Alhamisi.” Na aliyekuwa na simu bila yuniti alibipu tu. Bipu moja ilikuwa na maana iliyopatanwa: nimefika.

Leo mambo ni tofauti kabisa. Yule mwenye kabini anauza yuniti na mega, na anapokea na kutoa pesa za simu. Kijana anayepanda kilima kutafuta mtandao anaweza kupokea kwa dakika moja picha kutoka Kalemie, audio kutoka Kampala na video kutoka kwa shangazi aliye Marekani. Na anaweza kuvirusha vyote kwa watu mia mbili kabla hajashuka kilimani.

Hili ndilo badiliko kubwa, ndugu zetu. Mwendo umeongezeka, ndiyo, lakini jambo zito zaidi ni kwamba mwenyewe wa habari amepotea. Mjumbe alikuwa na ukoo, fonii ilikuwa na mwendeshaji na tangazo lilikuwa na jina. Audio inayozunguka leo haina ukoo. Inasema: “Ndugu zangu, nimetoka kuambiwa sasa hivi…” Nani? Na nani? Wapi? Hatujui. Hata hivyo tunairusha, na kwa kuirusha tunaipa jina letu. Mama anayeipokea kutoka kwako haamini yule asiyemjua. Anakuamini wewe.

Mema ambayo simu imetuletea

Tusiwe wasahaulifu. Familia nyingi zilizotengana na vita zilipatana tena kwa simu. Zamani njia ilikuwa barua ya Msalaba Mwekundu, ile karatasi isiyofungwa yenye habari za familia tu, iliyosafiri kwa wiki nyingi. Barua hizo zimesaidia watu wengi sana, na kazi ya Msalaba Mwekundu ya kutafuta waliopotea hailipiwi. Lakini leo, mara nyingi, simu moja inatosha.

Audio imewasaidia pia wale ambao hawakupata nafasi ya kusoma. Bibi asiyejua kuandika anaweza kumtumia mjukuu wake maneno ya hekima kwa Kinande, kwa Mashi, kwa Kihunde, kwa Kinyarwanda, kwa Kilega au kwa Kibembe. Hamhitaji tena mtu wa kumwandikia, ambaye angejua siri zake zote.

Msaada wa pesa nao unapita katika simu. M-Pesa ilianza katika nchi yetu mwaka 2012, na mwaka 2025, benki zilipofungwa Goma na Bukavu, watu wengi waliishi kwa pesa za simu. Kwa hiyo tunarudia onyo hili: namba ya siri ni yako peke yako. Hakuna orodha ya msaada inayoombwa kwa kutuma pesa kwanza. Anayekupigia akisema “tuma kidogo nikuandike kwenye orodha” ni mwizi, hata kama anajua jina lako na la kambi yako.

Milima ileile, nyakati mbili

Tuangalie sasa jambo ambalo wengi wa Goma waliliona. Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ililipuka, na lava ikapita katikati ya mji. Watu 120.000 hivi walibaki bila makao. Simu zilikuwa chache. Watu walikimbia kwa kufuata macho yao na kelele za majirani, na majina ya waliopotea yalitafutwa kwa redio, kwa barua na kwa mdomo.

Jioni ya tarehe 22 Mei 2021 mlima uleule ulilipuka tena. Safari hii simu zilikuwa kila nyumba. Picha za mbingu nyekundu zilifika Kinshasa na Ulaya kabla lava haijafika mwisho wake. Lakini je, watu wa Goma walijua la kufanya? Umeme ulikatika sehemu kubwa ya mji. Kila simu ilikuwa na habari yake. Wengine walikimbilia Gisenyi, wengine Sake. Siku iliyofuata UNICEF ilisema kwamba watoto zaidi ya 150 walikuwa wametengana na familia zao. Tarehe 27 Mei wakubwa waliagiza kartie 10 kati ya 18 za Goma zihame, na watu wapatao 400.000 waliondoka. Tarehe 29 Mei serikali yenyewe ilitangaza kwamba mlima mwingine, Murara, umelipuka, kisha siku hiyohiyo ikasema kwamba haikuwa kweli.

Tunajifunza mambo mawili hapo. La kwanza ni kwamba kuwa na simu siyo kuwa na habari. Mtu anaweza kupokea ujumbe hamsini na bado asijue njia ya kukimbilia. La pili ni kwamba hata wakubwa wanaweza kukosea. Kukosea si aibu kubwa. Aibu ni kunyamaza baada ya kujua kwamba umekosea. Serikali ilisahihisha siku ileile, na sisi tuliorusha habari tunapaswa kusahihisha vilevile, kwa watu walewale tuliowarushia.

Na kuna somo dogo la tatu, la wazazi. Mtoto wa miaka mitano anaweza kukariri wimbo, kwa hiyo anaweza kukariri namba ya simu. Mfundisheni namba moja ya ndugu asiyehamahama. Kwa mdogo zaidi, andikeni namba na jina la mzazi kwenye karatasi, ifungeni katika mfuko wa plastiki na ishoneni ndani ya nguo. Simu yako ikiibiwa au ikizimika njiani, namba iliyo kichwani mwa mtoto haizimiki.

Neno likiwa panga

Kuna pia neno linaloua. Si simu iliyolianzisha. Mwaka 1994, katika nchi jirani ya Rwanda, redio ya RTLM ilichochea watu waue jirani zao, na mwezi Desemba 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwahukumu watu waliohusika na redio hiyo na gazeti la Kangura. Mahakama ilionyesha kwamba mtu anaweza kuhukumiwa kwa neno, hata kama mkono wake haukushika panga.

Lakini redio ile ilikuwa na mnara mmoja na wakubwa wanaojulikana. Leo kila simu ni mnara mdogo. Nchini India, mwaka 2018, watu kadhaa waliuawa na umati baada ya uvumi juu ya wezi wa watoto uliozunguka katika WhatsApp. Wengi waliouawa walikuwa wapita njia tu. Baada ya hayo kampuni ya WhatsApp ilipunguza idadi ya watu au makundi ambayo mtu anaweza kurushia ujumbe kwa mara moja. Mwaka 2019 ikawa 5 dunia nzima, na Aprili 2020 ujumbe uliokwisha kurushwa mara nyingi ukaruhusiwa kurushwa kwa mmoja tu kila mara. Ukiona mishale miwili juu ya ujumbe, ujue umepita mikono mingi. Ni kama ndoo ya maji iliyochotwa na watu wengi, na hujui nani alitia mkono mchafu.

Kwetu pia tumeonja uchungu huo. Wakati wa Ebola katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, kuanzia 1 Agosti 2018 hadi 25 Juni 2020, habari zilizunguka kwamba ugonjwa haupo, kwamba ni biashara ya watu, kwamba sindano ndiyo inaua. Uchaguzi ulipoahirishwa Beni na Butembo mwezi Desemba 2018, uvumi ulipata nguvu, kwa sababu watu walikuwa na hasira ya kweli. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Ugonjwa ule uliua watu zaidi ya 2.200. Tuangalie vizuri hapa: uvumi hauoti juu ya jiwe. Unaota mahali penye jeraha, penye maswali yasiyojibiwa. Kiongozi anayetaka kuung'oa uvumi aanze kwa kusikiliza jeraha, siyo kwa kuwatukana waliouamini.

Sheria ya nchi yetu nayo inasema. Tangu 7 Juni 1966 kuna sheria inayoadhibu ubaguzi wa rangi na wa kabila, na tangu 13 Machi 2023 kuna sheria ya mambo ya kidijitali inayoadhibu pia chuki na uongo unaosambazwa kwa simu na intaneti. Kusema “mimi nilirusha tu, sikuandika” si kinga.

Mfano wa kujadili

Huu ni mfano tunaoutumia katika mafunzo. Tuseme kuna kambi kando ya kijiji. Watu wa kambini wengi ni wa kabila moja, na wa kijijini wengi ni wa kabila lingine. Jioni moja audio inaingia katika kundi la WhatsApp la vijana wa kambini: “Wametuulia kijana wetu kule mashambani. Tutanyamaza mpaka lini?” Kwa nusu saa imefika kila hema. Vijana wanaanza kukusanya fimbo na mapanga.

Mama mmoja anaenda kwa rais wa kamati ya kambi.

“Baba Rais, umesikia?”

“Nimesikia, Mama. Sauti hiyo ni ya nani?”

“Siijui.”

“Huyo kijana anaitwaje?”

“Hawakusema, Baba.”

Rais wa kamati anatoa simu yake. Hampigii mtu wa kabila lake. Anampigia shefu wa kijiji, ambaye namba yake aliiandika siku walipokutana kwenye bomba la maji.

“Shefu, mambo? Huku kwetu wanasema kijana wetu ameuawa mashambani kwenu.”

“Rais, ndugu yangu, hajauawa mtu. Kuna kijana wenu aliyeanguka na pikipiki kwenye mteremko, amevunjika mguu. Wanangu ndio waliombeba mpaka kituo cha afya. Njoo na mama yake, nitawangojea barabarani.”

Wanaenda, wanamkuta kijana, na mguu umefungwa. Rais wa kamati anamwomba aseme mwenyewe, kwa sauti yake: jina lake, mahali alipo, saa ngapi, na nani waliombeba. Audio hiyo inarushwa katika kundi lilelile. Kisha rais mwenyewe anarudi kambini na kupita hema kwa hema pamoja na mama wa kijana, kwa sababu si kila mtu ana simu, na kwa sababu macho ya mama yanasadikisha kuliko audio.

Fikirini: ni kitu gani kilichookoa watu usiku ule? Ni simu, na ni simu pia iliyokuwa karibu kuwaua. Tofauti ilikuwa namba moja iliyoandikwa mapema, na mtu mmoja aliyeuliza “sauti hiyo ni ya nani?” Kama rais wa kamati asingekuwa na namba ya shefu, angeitafuta wakati gani? Usiku wa mapanga hautoi muda wa kutafuta namba.

Maswali matano kabla ya kurusha

1. Nani ameisema kwanza? Kama hakuna jina, au kama aliyekutumia naye hajui, usirushe.

2. Ilitokea wapi na lini? Picha za zamani hurudi kila vita. Picha ya 2012 inaweza kuletwa kama ya jana. Tazama miti, nguo, majengo, mvua. Uliza mtu aliye mahali penyewe.

3. Nani mwingine ameishuhudia? Shahidi mmoja hatoshi. Watu kumi waliopokea audio moja siyo mashahidi kumi. Ni mmoja tu aliyerudiwa mara kumi.

4. Ikifika kwa jirani wa kabila lingine, ataishi salama usiku huu? Kama habari inataja kabila badala ya kutaja mtenda kosa, iache ifie kwako.

5. Ikiwa ni uongo, nitaweza kuirudisha? Neno likitoka halirudi. Waliolirusha kutoka kwako huwajui.

Kuna pia mambo ambayo hata yakiwa ya kweli hayarushwi: picha za maiti, jina au sura ya mtu aliyebakwa, orodha za majina ya wakimbizi, na mahali watu walipojificha. Ukweli wa namna hiyo upelekwe kwa anayeweza kusaidia, siyo kwa kila mtu.

Kwa viongozi wa kambi, wa kartie na wa vijiji

Ninyi mnaoongoza, tunawaomba mambo manne.

Kwanza, andikeni namba za viongozi wa upande wa pili: shefu, mchungaji au padri, imamu, mama wa chama, kijana wa waendesha pikipiki. Ziandikeni katika daftari pia, siyo katika simu tu. Wapigieni siku za amani, muwasalimu tu. Simu ya kwanza isiwe ya lawama.

Pili, wekeni kamati ndogo ya habari yenye watu wa kila jamii, wanaume na wanawake, wazee na vijana. Kazi yake ni kupokea maneno yanayozunguka, kuyachunguza, na kutoa jibu siku ileile, hata kama jibu ni “bado tunachunguza”. Uvumi unapenda ukimya. Ukiwaacha watu usiku mzima bila neno, watapata neno lingine.

Tatu, msitegemee WhatsApp peke yake. Jiulizeni ni nani hana simu katika kambi yenu. Mara nyingi ni mama wajane, wazee, vijana waliotoka porini karibuni, na walemavu. Tangazo la ugawaji wa chakula likitolewa katika kundi la WhatsApp peke yake, hao ndio wanaokosa, na baadaye wanasema wamebaguliwa. Nao wana haki ya kusema hivyo. Tumieni ubao, megafoni, kengele ya kanisa, msikiti, na watu wa kupita nyumba kwa nyumba.

Tena mtandao unaweza kukatwa. Desemba 2011, baada ya uchaguzi, SMS zilifungwa nchi nzima kwa wiki kadhaa, na viziwi, ambao SMS ndiyo simu yao, waliumia zaidi. Tarehe 31 Desemba 2018, kesho yake ya uchaguzi, intaneti ilikatwa mpaka ndani ya Januari 2019. Na vita inapofika, mnara na umeme vinaanguka pamoja. Mwanzoni mwa 2025, mapigano yalipofika Goma na makambi makubwa yaliyozunguka mji yakatawanyika, familia nyingi zilitengana tena. Kila jamii inapaswa kujua tangu leo: mtandao ukikatika, tutakutania wapi, na nani ataenda kuuliza nani?

Nne, sahihisheni hadharani. Kiongozi akirusha habari isiyo kweli, asiifute kimyakimya. Aseme: “Jana niliwatumia jambo hili. Nimechunguza, si kweli. Nawaomba msamaha, na kila aliyeirusha aseme hivyo kwa aliowarushia.” Neno hilo halimshushi. Linamfanya asadikiwe kesho.

Kwa kumaliza

Oktoba 2023 shirika la kimataifa la uhamiaji, IOM, lilisema kwamba watu milioni 6,9 walikuwa wamehama makwao ndani ya Kongo. Wengi wao walibeba vitu vitatu tu: mtoto, kitenge na simu. Hatuwezi kuwaambia watu waliopoteza kila kitu waache simu, na hatutaki kusema hivyo. Tunasema tu kwamba simu imetupa cheo cha mjumbe, na cheo kina wajibu wake. Mjumbe wa wazee alitembea siku mbili, na katika siku hizo alipata muda wa kufikiri atakayosema. Sisi hatuna siku mbili. Tuna dakika moja kati ya kusikia na kubonyeza. Basi tuitumie vizuri dakika hiyo. Katika dakika hiyo, jirani anaweza kubaki jirani.

Maswali ya kujadiliana

1. Kumbuka habari moja ya uongo iliyokufikia. Ilitoka kwa nani? Kwa nini uliiamini?
2. Je, kuna jeraha gani katika jamii yetu ambalo uvumi unapenda kuotea?
3. Tunajua namba za viongozi wangapi wa kabila lisilo letu? Nani ataanza kuwapigia, na lini?
4. Katika kambi au kartie yetu, nani hapati habari kwa sababu hana simu? Tutamfikiaje?
5. Watoto wetu wangapi wanajua kwa kichwa namba ya mzazi au ya ndugu?

Zoezi

Kaeni katika duara, watu kumi au zaidi. Wa kwanza amnong'oneze jirani yake sentensi moja ndefu, kwa mfano: “Kesho saa tatu mama watatu wataenda kisimani na shefu ili kupima maji.” Kila mtu anong'one mara moja tu, bila kurudia. Wa mwisho aseme kwa sauti alichosikia. Chekeni kwanza, kwa sababu mtacheka. Kisha rudieni mchezo, lakini safari hii kila mtu aruhusiwe kumuuliza aliyemwambia: “Umesema nini? Saa ngapi? Na nani?” Linganisheni majibu mawili, na semeni pamoja kuuliza kumesaidia nini.

Tunawatakia amani nyumbani mwenu, hemani mwenu, na kwa jirani zenu wote.